Kiungo mkabaji asipimwe kwa kipimo cha mshambuliaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaoibuka kila dirisha la usajili linapofunguliwa, na ambao hapa Mbeya huendelea vijiweni hata baada ya magazeti kuuacha: ni mwanasoka gani wa Afrika Mashariki aliyefika mbali kuliko wenzake? Majibu huja haraka. Mbwana Samatta hutajwa kwa mabao yake ya Genk ya Ubelgiji na kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Aston Villa Januari 2020. Mkenya Michael Olunga hutajwa kwa mabao yake ya Japani na Qatar. Halafu, watu wakiwa wameshaanza kunyanyuka vitini, mmoja humkumbuka Victor Wanyama, kiungo wa Kenya, na jina hilo huandamana na neno "lakini". Lakini hakufunga mabao mengi. Lakini Tottenham walimchoka. Lakini alikwenda kumalizia Kanada.

Mimi nafundisha mpira kwa vijana wa Uyole, na nimelisikia hilo "lakini" kutoka kwa wazazi, kwa viongozi wa timu, na hata kwa wachezaji wenyewe. Naona linatudanganya. Wanyama alikuwa kiungo mkabaji, yaani mchezaji wa katikati anayezima mashambulizi mbele ya mabeki, na kazi ya kiungo mkabaji haisomeki kwenye orodha ya wafungaji. Ukiisoma safari yake hatua kwa hatua, ukaacha kutazama kilele chake peke yake, utaona jambo ambalo viungo wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanalihitaji kuliko wanavyohitaji hadithi ya mshambuliaji mwingine: kila alipohama, kwa miaka karibu kumi ya mwanzo, alihamia mahali ambapo angecheza.

Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991 katika nyumba ya mpira. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, ambaye naye ni kiungo, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Wapo wanaosema kwamba mwenye kaka wa namna hiyo amekwishafunguliwa mlango, na sikatai, kwa sababu Mariga alipita Helsingborg ya Uswidi na mdogo wake akaifuata njia hiyohiyo akiwa bado kijana mdogo. Hata hivyo, kocha hapangi kikosi kwa kutazama undugu. Mwaka 2008 Wanyama alijiunga na Beerschot ya Ubelgiji, klabu ya Antwerp ambayo wapenzi wengi wa soka wa hapa kwetu hawangeweza kuitaja, na akakaa huko misimu mitatu. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo magazeti huipitia kwa mstari mmoja, nami naiona kuwa msingi wa yote yaliyofuata. Kijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, alipata kucheza na watu wazima kwenye ligi yenye nguvu, akakosea, akapangwa tena wiki iliyofuata. Mshambuliaji anaweza kung'ara kwa dakika kumi akitokea benchi, ila kiungo mkabaji hujifunza kazi yake kwa mechi nzimanzima, kwa kuwa kazi hiyo ni kujua wapi pa kusimama kabla mpira haujafika, na hilo halifundishiki mazoezini peke yake.

Mwaka 2011 Celtic ya Uskoti ilimnunua kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni 900,000. Alivaa jezi namba 67, kwa heshima ya kikosi cha klabu hiyo kilichochukua Kombe la Ulaya mwaka 1967, na wakati mwingine kocha Neil Lennon alimrudisha nyuma kucheza beki wa kati. Misimu miwili, mataji mawili ya ligi, na Kombe la Uskoti mwaka 2013. Lakini kama kuna usiku mmoja ambao ningependa kila kijana anayecheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, hapa Mbeya auangalie kwa utulivu, ni ule wa tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona ilipofika Celtic Park siku moja tu baada ya Celtic kutimiza miaka 125.

Watu wengi wanaukumbuka usiku huo kwa bao lake. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, Wanyama akaruka juu ya walinzi na kufunga kwa kichwa, akawa Mkenya wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Bao hilo ni zuri, na picha zake zimezunguka sana. Mimi huwaambia vijana wangu waanzie pale bao lilipokwisha kuingia. Mbele yake walikuwepo Xavi, Iniesta na Messi, watu ambao wakati ule walikuwa wakizitesa timu za Ulaya nzima kwa pasi fupi, na kwa zaidi ya saa nzima iliyobaki mpira ulikuwa miguuni mwao. Celtic haikuweza kuwapokonya mpira kila mara, wala haikujaribu kufanya hivyo. Kilichotakiwa ni mtu wa kuziba njia ya pasi inayopita katikati, wa kutokimbilia mpira usiokuwa wake, wa kumsukuma mwenye mpira aende pembeni ambako madhara yake ni madogo, na wa kupanda kwenye mipira ya juu pale inapobidi. Tony Watt aliongeza bao la pili dakika ya 83, Messi akapata la kufutia machozi muda ukiwa umekwisha, na mechi ikaisha 2–1. Kazi ya Wanyama ya usiku ule haikuandikwa kwenye ubao wa matokeo zaidi ya lile bao moja, na ndiyo maana watu wanadhani bao ndilo alilolifanya.

Julai 2013 Southampton ililipa pauni milioni 12.5 kumpata, ada ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa mchezaji wa klabu ya Uskoti, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hapa tena, tazama ukubwa wa hatua. Hakuruka kutoka Celtic kwenda kukaa nyuma ya viungo watatu wa klabu ya kugombea ubingwa. Alikwenda klabu ya katikati ya msimamo, chini ya kocha Mauricio Pochettino, ambako alipangwa. Southampton ilimaliza ya 8 msimu wake wa kwanza, ya 7 msimu wa pili, na ya 6 msimu wa tatu. Ilipofika Juni 2016 Tottenham ikamchukua kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 11, akawa mikononi mwa Pochettino kwa mara nyingine. Ada ilikuwa imeshuka kidogo, na wale wanaopima mchezaji kwa fedha walisema ameshuka naye. Sikubaliani nao hata kidogo. Alikwenda kwa kocha aliyemjua, aliyejua namna ya kumtumia, katika timu iliyokuwa ikikosa mtu wa aina yake.

Msimu wa 2016/17 ndio ulionifanya niandike barua hii, kwa kuwa sioni namna ya kuuzungumzia kwa neno "lakini". Alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Tottenham ilimaliza ya pili kwa pointi 86, na iliruhusu mabao 26 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Sifa za ulinzi huo waligawana zaidi mabeki na kipa, jambo ambalo ni haki yao, lakini beki hupumzika pale tu ambapo mbele yake kuna mtu anayeizima hatari mapema, na mtu huyo alikuwa Wanyama, akisaidiana na Mousa Dembélé, Mbelgiji ambaye sijaona kiungo aliyekuwa mgumu kupokonywa mpira kama yeye. Wanyama alikaba, Dembélé akautoa mpira kwenye msongamano, na wenye majina makubwa mbele wakapata nafasi ya kufunga. Tarehe 14 Mei 2017, katika mechi ya mwisho kabisa kuchezwa White Hart Lane, uwanja wao wa zamani, Tottenham iliifunga Manchester United 2–1, na aliyefungua mabao kwa kichwa dakika za mwanzo alikuwa kiungo huyo wa Kenya.

Baada ya hapo mambo yakageuka, na sina nia ya kuyaficha. Agosti 2017 aliumia goti, akarudi uwanjani Januari iliyofuata. Tarehe 4 Februari 2018 aliingia Anfield, uwanja wa Liverpool, akitokea benchi na kusawazisha kwa shuti la mbali ambalo lilichaguliwa kuwa bao bora la mwezi, mechi ikaisha 2–2, na wengi wetu tukadhani Wanyama amerudi. Mwili haukukubali. Mei 2019 alianza katika mechi ya marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya dhidi ya Ajax, akatolewa wakati wa mapumziko timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili, na Lucas Moura akafunga matatu kipindi cha pili kuipeleka Tottenham fainali. Fainali yenyewe, Madrid, tarehe 1 Juni, aliitazama kutoka benchi hadi mwisho, Liverpool ikishinda 2–0. Machi 2020 alihamia Montreal ya Kanada, kwa kocha Thierry Henry, akakaa huko hadi mwisho wa 2024, na mwaka 2025 akacheza kwa muda mfupi Dunfermline ya Uskoti, chini ya Neil Lennon yuleyule aliyemlea Celtic.

Wanaosema Tottenham walimchoka wanasahau kazi ya kiungo mkabaji inavyoutafuna mwili. Anagongana na watu kila dakika chache, anageuka ghafla akiwa na uzito wa mtu mwingine ubavuni, anasimama na kukimbia tena bila kupumzika, na goti likishapoteza uhakika wake anachelewa nusu hatua, na hiyo nusu hatua ndiyo tofauti kati ya kuuchukua mpira na kuchukua kadi. Mshambuliaji aliyepunguza kasi anaweza kujificha katikati ya mabeki akingoja krosi. Namba sita hana pa kujificha. Kwa hiyo miaka yake mizuri huwa michache, na kijana anayeipoteza miwili ya kwanza akiwa amekaa benchi amepoteza sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira.

Upande wa timu ya taifa, Wanyama aliichezea Harambee Stars kwa mara ya kwanza mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka kumi na tano, akawa nahodha mwaka 2013, na akastaafu kuichezea Septemba 2021. Sisi Watanzania tuna sababu ya kumkumbuka. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Taifa Stars ikiwa kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, tulitangulia kwa bao la Simon Msuva, tukasawazishiwa, tukatangulia tena kwa Samatta, kisha tukafungwa 3–2. Olunga alifunga mawili na Johanna Omolo moja, na magazeti ya siku iliyofuata yalijaa Olunga. Nahodha wao alikuwa Wanyama, na timu iliyotanguliwa mara mbili haikuvurugika. Kenya haikuvuka kundi, nasi tulirudi bila pointi, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake, ila sijasahau jinsi katikati ya uwanja palivyokuwa pao kipindi cha pili.

Tena timu ya taifa haikuwa pambo tu katika safari ya familia hiyo. Januari 2010 Mariga alikaribia kujiunga na Manchester City, akanyimwa kibali cha kazi, kwa kuwa kanuni za Uingereza za wakati huo zilitazama nafasi ya nchi ya mchezaji kwenye orodha ya FIFA pamoja na mechi za taifa alizocheza. Vijana wetu wanaoona kuitwa timu ya taifa ni usumbufu wa kuwatoa klabuni wangelitafakari hilo. (Na kwa kuwa tunapenda kuwaita Wakenya majirani zetu, nakumbusha kwamba mwaka 2017 mtaa mmoja wa Manispaa ya Ubungo ulipewa jina la Wanyama, na kibao chake kikaondolewa upesi, wakazi wakihoji kwa nini si Samatta. Hata kwenye vibao vya barabarani kiungo alimpisha mshambuliaji.)

Sasa nije huku kwetu, Mhariri, kwa sababu ndiko ninakotaka barua hii isomwe. Nyanda za Juu Kusini si maskini wa mpira. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mbeya City ilipanda na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14, juu ya Simba, chini ya kocha Juma Mwambusi. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Uwanja wa Sokoine wa hapa Mbeya unajulikana kwa kuwatesa wageni, na mwinuko wa Mbeya kutoka usawa wa bahari hautofautiani sana na ule wa Nairobi alikokulia Wanyama, kwa hiyo mapafu siyo tatizo letu. Wavulana wenye vifua vipana na miguu isiyochoka nawaona kila mwaka kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, na kwenye mashindano ya mitaani ya ndondo. Wanaofika kuwatazama huulizia winga na mshambuliaji. Kijana wa namba sita aliyecheza vizuri mechi nzima huondoka hajaulizwa hata jina, kisha mwaka unaofuata unamkuta anaomba apangwe mbele ili naye aonekane.

Na yule mmoja anayeonekana, mara nyingi husukumwa kuruka ngazi. Akicheza nusu msimu mzuri kwenye Ligi Kuu, wakala, mjomba na kiongozi wa timu wanakubaliana kwa kauli moja kwamba ni lazima aende klabu kubwa ya Dar es Salaam mara moja, kabla bei haijashuka. Sizilaumu klabu hizo kwa kusajili. Zina mashindano ya Afrika na zinahitaji kikosi kipana. Lakini huko anawakuta viungo watatu au wanne waliokomaa, wengine wa timu za taifa za nchi zao, na nafasi ya kukaba ni moja au mbili. Winga huingizwa dakika ya 70 timu ikitafuta bao. Kiungo mkabaji huingizwa lini? Timu ikiongoza, dakika tano za mwisho, kupoteza muda. Baada ya misimu miwili ya namna hiyo anatolewa kwa mkopo, na tunasema kiwango kimeshuka, kana kwamba kilikuwa na mahali pa kupanda. Njia nyingine ipo, na Watanzania wameipita: Himid Mao aliondoka Azam mwaka 2018 kwenda Petrojet ya Misri, klabu isiyokuwa na kelele nyingi, akiwa tayari ameshacheza misimu mingi mfululizo nyumbani.

Kwa hiyo nina maombi mawili, yote kwa gazeti lako. La kwanza ni kwamba waandishi wako wa michezo, wanapotoa takwimu za mechi, waongeze mara ngapi kiungo alipokonya mpira, alizuia pasi ngapi, na alipoteza mipira mingapi. Najua kwamba kuhesabu mambo hayo bila mitambo ni kazi, lakini mtu mmoja mwenye daftari jukwaani Sokoine anaweza kuifanya kwa mechi moja kwa wiki, na mimi nina vijana watakaojitolea bila malipo. La pili ni dogo zaidi. Gazeti lako litakapoandika tena kwamba kiungo fulani kutoka Mbeya, Iringa, Njombe au Songea amesaini mkataba Dar es Salaam, mwandishi amuulize kiongozi aliyemsajili maswali mawili: nani anacheza nafasi hiyo kwa sasa, na kijana huyu anatarajiwa kucheza mechi ngapi msimu huu. Majibu yachapishwe kwenye aya ileile yenye kiasi cha fedha, ili mzazi wa kijana ayasome kabla ya kijana wa pili kusaini.

Wako katika michezo,

Mwalimu wa timu ya vijana,
Uyole, Mbeya.